Alama za Magonjwa na Mtihani Wake

Mkulima wa Matombo ameanguka kutoka juu ya mkarafuu, akavunjika mkono chini ya kiwiko. Habari hii kila mtu aielewa. Karani wa hospitali yampasa kuigeuza kuwa alama: S52 ni kuvunjika kwa mfupa, W14 ni kuanguka mtini. Orodha hiyo, iitwayo ICD-10, ilianzia kwa Jacques Bertillon, mwaka 1893.

Basi, ndugu kijana, unayejiandaa kwa mtihani wa alama za mifupa wa chama cha AAPC cha Marekani, usijitaabishe kukariri yote. Vitabu vya alama waruhusiwa kuingia navyo. Lakini maswali ni 100 kwa saa 4, hata dakika 2 na nusu kwa swali hazitimii! Jizoeze kufunua kitabu upesi.

Zaidi ya hayo, jizoeze kusoma maandishi ya daktari, maana Wamarekani wameongeza mengi. Mkono wa kulia au wa kushoto? Mfupa umetoboa ngozi? Mgonjwa angali katika matibabu ya kwanza, au amerudi kuangaliwa? Kazini, daktari asipoandika, muulize, usibahatishe. Ukiandika kushoto badala ya kulia, bima yaweza kukataa kulipa, na daktari mwingine ataanza kuuangalia mkono mzima.