Njia ya Kopo na Kiti cha Magurudumu

Mwezi wa Mei 2000, Serikali ya Marekani ilipoacha kuzitia dosari kwa makusudi ishara za setilaiti zake za kuonyesha mahali (GPS), Dave Ulmer wa Oregon alificha ndoo msituni, akatangaza mahali ilipo, na hapo ukazaliwa mchezo wa jiokeshi: mtu huficha kopo, na wengine hulitafuta kwa simu, wakalifungua, wakatia sahihi katika kijitabu kilichomo. Kila kopo hupewa daraja mbili, moja ya ugumu wa kulivumbua na moja ya njia, nazo huanzia 1 hadi 5 kwa nusu nusu. Njia ya 5 hutaka mashua au kamba za kupandia majabali. Njia ya 1 ni ahadi kwamba hata aliye katika kiti cha magurudumu atafika.

Ahadi hiyo aghalabu hutolewa kwa wepesi na watu wenye miguu mizima. Mlima Longonot wa Kenya, wenye kimo cha mita 2,776, haumdanganyi mtu: kila mtu huona kwamba kiti hakiupandi. Mashaka yako palipo karibu na barabara. Mathalan Menengai, volkano iliyo karibu na mji wa Nakuru, ambako gari hufika mpaka ukingoni na macho yakatanda juu ya shimo lenye upana wa kilomita kama 12: mficha kopo huhesabu hatua chache toka garini, akaandika 1, asikumbuke kwamba yale magurudumu madogo ya mbele yakizama katika changarawe iliyolegea, kiti chote husimama, na aliyekikalia asipojihadhari huanguka kifudifudi. Tena huliweka kopo juu ya tawi, mahali ambapo yeye hulichukua bila kunyoosha mkono, ilhali aliyeketi haligusi kamwe. Lau angeketi kitini akajaribu mwenyewe, angejua; na mteremko angeupima kwa kanuni ya wajenzi, kupanda mita 1 kwa kila mita 12, maana ukizidi hapo mikono huchoka upesi.

Isitoshe, udongo wa Nakuru ni wa majivu ya volkano: Januari vumbi, Aprili matope, hata kopo la 1 likawa la 3 pasipo mtu kulisogeza. Ziwa Nakuru nalo, tangu lilipoanza kufura mwanzoni mwa miaka ya 2010, limemeza barabara na lango la zamani la mbuga yake. Daraja iliyoandikwa kabla ya hapo haina maana tena.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, humpa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa kadiri inayofaa. Mchezo si sheria, wala sioni haja ya kusawazisha kila jabali. Shurti la mficha ni kueleza, zaidi ya nambari, njia ni ya lami au mchanga, lango lina upana gani, kopo liko kimo gani, kusudi mtu aamue akiwa bado nyumbani, kabla hajalipa gari la kukodi.