Leta ikiokoa kampuni, iulize na maji

Mwaka 2020, korona ilipofunga dunia, watu waliacha kununua motokari. Kule Ufaransa, Renault ilianza kuyumba. Tarehe 26 Mei Rais Macron alitangaza msaada wa zaidi ya miliari 8 za euro kwa viwanda vya motokari, na Renault peke yake ilipata mkopo wa miliari 5, Leta ikiwa mdhamini. Lakini Leta ya Ufaransa haikusema "chukueni mwende". Ilitaka motokari za umeme ziongezeke, na Renault iingie katika mradi wa betri pamoja na PSA na Total.

Sasa wewe wa Marabo utaniuliza: hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu. Betri zile zinakula kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa Kongo, kule Lualaba. Halafu ile desturi yenyewe, ya kuwekea msaada masharti, sisi watu wa sendika hatujaishika bado.

Wazungu nao hawakuifanya vizuri yote. Mwaka 2021 Renault ilichagua kampuni ya Kichina, Envision AESC, ijenge kiwanda cha betri pale Douai. Katika ule mradi wa kwanza haikuingia. Na siku tatu tu baada ya Macron kusema, Renault ilitangaza itapunguza kazi 15,000 duniani, kati yake 4,600 Ufaransa. Betri zilikuwa na sharti. Mfanyakazi hakuwa na sharti lenye meno.

Kwetu sisi kosa lilikuwa upande mwingine, na mimi nilikuwamo. Kampuni moja niliyoitumikia ilikaa miezi mingi bila kulipa watu. Franga za Leta zilipofika, sisi madelege tuliingia ofisini na karatasi moja tu: mishahara. Tulibishana hesabu mpaka usiku. Hakuna aliyetaja mashimo yaliyoachwa wazi, wala zebaki, wala maji ambayo mama zetu wanachota. Nilitia sahihi kama wengine. Tulilipwa miezi miwili, ikaisha. Mashimo njo yale yale mpaka leo: mvua ikinyesha yanajaa, watoto wanaogea mule.

Sheria ya madini, ile iliyorekebishwa 2018, inadai kampuni iweke franga kando kwa kutengeneza udongo iliouharibu. Lakini kampuni iliyoanguka iko na nini kando? Kwa hiyo saa nzuri ya kuidai ni ile inapopiga magoti mbele ya Leta. Ikishasimama, hata mlinzi wa mlangoni hatakufungulia.

Ndugu wengine wananipinga. Wanasema mtu mwenye njaa hali mazingira, ukiweka masharti mengi mshahara utachelewa. Wako na haki nusu. Mshahara wa nyuma usifungwe na sharti lolote, ni jasho lililokwisha kumwagika. Kinachopaswa kufungwa ni franga za mashine mpya, za pampu, za magari ya wakubwa. Hizo zitoke kwa vipande: kipande cha kwanza mashimo yafukiwe, cha pili maji yapimwe na matokeo yabandikwe pale wote wanaona, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Na mwenye kuhakikisha asiwe mtu wa kampuni peke yake. Delege wa wafanyakazi awepo, mkubwa wa groupement awepo, na mama mmoja wa wale wanaochota maji.

Huku kwetu SOKIMO ni ya Leta, mtoto wa ile Kilo-Moto ya wakati wa Wabelgiji, na iko na asilimia 10 katika mgodi wa Kibali. Siku Kinshasa itakapotaka kuisaidia, tusianze kutafuta kalamu siku hiyo. Katika mkutano wetu unaokuja nitaleta karatasi mbili: ya mishahara, ambayo wote tunaijua kwa moyo, na ya maji. Ya pili bado ni nyeupe. Mwenye shimo karibu na nyumba yake aje aseme liko wapi, tuanze nalo.