Makaburi ya Kijiji na Habari za Jamaa

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, liko kaburi la mwanamke aliyefariki mwezi wa Julai mwaka wa 1844. Jina lake lilikuwa Rosina, mke wa Dakta Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Alikuwa amekaa Mombasa muda mfupi tu. Alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafa. Na mtoto naye akamfuata mama yake baada ya siku chache. Mumewe, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa, aliandika habari za msiba huo, nazo zimo katika kitabu chake cha safari kilichopigwa chapa kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Kwa sababu hiyo, mtu apitaye hapo leo anaweza kujua jina la marehemu, na pia mambo yaliyompata.

Sasa na yafikiriwe makaburi mengine yaliyo mengi zaidi, yale ya vijijini. Hapa pana fungu la mawe, pale pana msalaba wa mbao ulioliwa na mchwa, na kule ardhi imedidimia kidogo chini ya mti, nayo majani yameota juu yake. Waliolala humo nao walioa na kuolewa, walilima, walisafiri, na wengine walikufa kwa homa ile ile. Lakini hakuna aliyewaandikia kitabu. Habari zao zimo vinywani mwa wazee, na mzee naye ana siku yake ya kuondoka. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ukoo nao ni mali.

Yafaa ieleweke, basi, kwamba habari ya marehemu hukaa mahali pawili. Kaburi huonyesha mahali alipozikwa, na mara nyingine jina na mwaka. Jamaa zake ndio wajuao alikuwa nani, alitoka wapi, na aliacha nani. Kaburi bila jamaa ni jiwe tu. Na masimulizi bila kaburi hayana mahali pa kushikia. Kazi ya kuandika makaburi ni kuviunganisha vitu hivyo viwili katika daftari moja kabla kimoja hakijapotea.

Kwa nini hakuna karatasi

Huenda mtu akauliza: Je, Serikali haiandiki vifo? Ni kweli kwamba sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kutumika Kenya mwaka wa 1928. Lakini kwa Waafrika uandikishaji wa lazima ulienezwa polepole, wilaya baada ya wilaya, ukaenea nchi nzima mwaka wa 1971. Kwa hiyo mababu wengi waliokufa kabla ya miaka hiyo hawana cheti cho chote. Huenda wamo katika kitabu cha ubatizo au cha mazishi cha kanisa, au katika kitabu cha shule, au katika kipande cha kazi kilichohifadhiwa sandukuni. Wengine hawamo po pote ila kaburini na katika kumbukumbu za wajukuu.

Faida ya mwaka mmoja

Watu wengine hudhani ya kuwa, kwa kuwa makaburi mengi hayana maandishi, hapana haja ya kujisumbua. Mfano wa Gedi, karibu na Malindi, waonyesha sivyo. Katika magofu ya mji huo kuna kaburi lililochorwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani mwaka wa 1399. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu hayo mwaka wa 1948, alikuta nyumba na misikiti isiyosema ilijengwa lini. Kaburi lenye mwaka likawa msingi wa kuanzia: vilivyo chini ya tabaka la udongo wa wakati wake ni vya kale zaidi, na vilivyo juu yake ni vya baadaye.

Ndivyo ilivyo katika makaburi ya kijiji. Likipatikana kaburi moja lenye tarehe, bibi mzee ataweza kusema kwamba lile la kando yake lilichimbwa kabla, na yale mawili ya chini ya mwembe yalichimbwa baada yake. Kwa njia hiyo kaburi moja lenye maandishi huyapa mengine kumi nafasi yake katika miaka.

Waliopoteza ukoo

Kazi hii ina uzito wa pekee mahali kama Rabai na Frere Town. Dakta Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo cha Rabai mwaka wa 1846. Mwaka wa 1875 kikaanzishwa kijiji cha Frere Town, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi. Kengele iliyotundikwa hapo ndiyo iliyopaita mahali hapo Kengeleni hata leo. Watumwa waliotoroka mashambani pwani nao wakakimbilia vituo hivyo, hasa Rabai, hata mabwana wao wakaja kuwadai. Ndipo G. S. Mackenzie, wakili wa kampuni ya Imperial British East Africa, alipofanya mapatano ya kuwalipa mabwana hao fidia, na siku ya tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907.

Watu hao walitoka mbali: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Wengi walikamatwa wakiwa wadogo. Walipobatizwa walipewa majina mapya, na mengi yalikuwa ya Kizungu, yasiyoonyesha kabila wala mlango. Mjukuu wa Mgiriama au wa Mkamba akiulizwa habari za ukoo wake aweza kupanda kutoka kwa baba hata babu wa babu. Lakini mjukuu wa mtu aliyeokolewa jahazini hupanda mpaka akafika penye kaburi la misheni, akakoma hapo. Kwake yeye, kaburi hilo ndilo kichwa cha ukoo. Likipotea, hana mwingine wa kuanzia.

Hapana budi kusema pia kwamba jamaa wengine walizificha habari hizi kwa sababu ya aibu. Aibu hiyo haikuwa yao kamwe. Ilikuwa ya wale waliowauza watu. Hata hivyo, haimpasi mwandikaji kumlazimisha mtu kusema asilotaka kusema.

Namna ya kuifanya kazi

Jambo la kwanza ni ruhusa. Wazee wa kijiji, jamaa wenye makaburi, na wasimamizi wa kanisa au msikiti waelezwe kusudi la kazi kabla mtu hajakanyaga mahali hapo. Kama kuna desturi ya kuingia, na ifuatwe.

Vyombo vya kazi si vya gharama. Yatosha daftari gumu, penseli, kamba ya kupimia, vigingi vilivyoandikwa hesabu, na simu ya kupigia picha. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa kuwa wino ukilowa huenea, na penseli hubaki.

Kwanza huchorwa ramani ndogo ya mahali pote, ikionyesha kaskazini, njia, miti mikubwa na mipaka. Kila kaburi hupewa hesabu yake, hata lile lisilo na jiwe. Makaburi ya watoto wachanga, ambayo mara nyingi ni mafungu madogo pembeni, yasirukwe. Mahali panapodhaniwa kuwa kaburi lakini hapana hakika, paandikwe hivyo hivyo: "yadhaniwa".

Maandishi ya jiwe hunakiliwa kama yalivyo, mstari kwa mstari, pamoja na makosa yake. Herufi iliyofutika huachiwa nafasi, isibuniwe. Jiwe lisisuguliwe kwa brashi ya chuma, wala lisimwagiwe dawa ya kufulia au tindikali, maana huondoa uso wa jiwe na maandishi pamoja. Maji safi na brashi laini yatosha, na jiwe bovu liachwe lisiguswe. Maandishi hafifu husomeka vizuri asubuhi na mapema au jioni, jua linapopiga kwa upande. Mchana, kioo kikishikwa kando kikarudisha mwanga juu ya jiwe, hufanya kazi ile ile.

Baada ya hapo huja sehemu iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuwauliza wazee. Inafaa mzee apelekwe makaburini kwenyewe, kama miguu yake inaruhusu, kwa maana mtu akisimama mahali alipomzika mamaye hukumbuka mengi kuliko akikaa nyumbani. Asiulizwe, "Alikufa mwaka gani?" bali, "Alikufa kabla ya jambo gani, na baada ya jambo gani?" Kuna mambo ambayo miaka yake yajulikana: kuanza kwa reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896, vita vya Wagiriama vya 1914, Kariakoo ya vita vya 1914 hadi 1918, kurudi kwa askari kutoka Burma baada ya mwaka wa 1945, mafuriko makubwa ya 1961, na Uhuru wa 1963.

Majina nayo yataka uangalifu. Mtu mmoja aweza kuwa na jina la ukoo, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina la utani alilojulikana nalo kijijini. Yote yaandikwe. Wanawake ndio wanaosahauliwa upesi, kwa kuwa huitwa mke wa fulani au mama wa fulani. Yafaa kuuliza jina lake mwenyewe, jina la babaye, na kijiji alikotoka alipoolewa. Bila hivyo nusu ya kila ukoo hupotea.

Kwa mfano, habari ya kaburi moja yaweza kuandikwa hivi: "Kaburi la 14, safu ya pili. Mawe ya matumbawe, hakuna maandishi. Ni la mwanamume. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka themanini hivi, asema alikuwa baba wa mama yake, fundi wa kuchonga, na kwamba alikufa muda mfupi baada ya askari kurudi kutoka Burma. Alielezwa na mama yake." Kila neno hapo lina mwenyewe. Anayesoma baada ya miaka hamsini atajua lipi lilionekana kwa macho, na lipi lilisimuliwa, na nani.

Wazee wawili wakipingana, mwandikaji si hakimu. Maneno ya wote wawili yaandikwe pamoja na majina yao. Huenda kitabu cha kanisa kikaamua siku nyingine.

Picha iliyorudisha mali

Kama kuna asiyeamini faida ya kuandika, na atazame habari za vigango. Kigango ni mti uliochongwa, ambao Wagiriama na jamaa zao wengine wa Kimijikenda humsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Si kaburi lenyewe, bali ni ukumbusho wake, wala hauondolewi. Hata hivyo vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanya biashara, vikafika Ulaya na Marekani.

Mwaka wa 1985 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya nduguze. Baada ya muda mfupi vikaibwa. Mwaka wa 1999 mtaalamu huyo akakitambua kimoja katika picha za vitu vya makumbusho ya huko Marekani, na cha pili kikaonekana katika makumbusho nyingine. Kwa kuwa picha ilikuwapo, na ilijulikana ilipigwa wapi na kwa nani, hapakuwa na wa kubisha. Mwaka wa 2007 vigango hivyo vikarudishwa kijijini kwa wenyewe.

Kuna mfano wa pili ulio kinyume chake. Makumbusho ya Denver ilitoa vigango 30 ambavyo vilifika Kenya mwaka wa 2019. Kurudi kwake ni jambo jema. Lakini kigango kisichokuwa na habari zake kimerudi nchini tu, hakijapata njia ya kufika kwa jamaa wa aliyechongewa.

Mambo ya kujihadhari

Daftari la makaburi si hati ya ardhi. Likitumiwa kuchochea madai ya mashamba, wazee watafunga vinywa na kazi itaharibika. Heri neno hilo lisemwe wazi tangu mwanzo. Siri za watu walio hai zisitangazwe. Na mtu akieleza jambo kwa sharti lisisomwe na wengine sasa, sharti hilo liheshimiwe.

Mwishowe, daftari moja si daftari. Moto mmoja, au mchwa wa mwaka mmoja, hulimaliza. Nakala moja ikae kwa jamaa, ya pili kanisani au msikitini, ya tatu shuleni au kwa chifu. Na ikiwezekana ofisi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi iulizwe kama itapokea nyingine.

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Kijana aliyemaliza shule ya msingi aweza kuifanya wakati wa likizo, babu au bibi akiwa kando yake. Jiwe litangoja mwaka mmoja zaidi, pengine hata kumi. Mzee hana hakika ya kungoja. Basi na aanziwe yeye kwanza, na jiwe lifuate.