Muhumba: samaki gani wanaweza kuishi pamoja katika akwariumu ya maji baridi?

Mkaaji wa Muhumba akinunua akwariumu, swali la kwanza analouliza ni la rangi: samaki gani watapendeza saloni? Swali lenye kuokoa pesa yake ni lingine: maji ndani ya nyumba yake iko na joto gani? Bukavu iko juu, karibu metre 1.500, na maji isiyopashwa moto inazunguka digri 20 hivi. Usiku wa Julai inashuka zaidi. Kuna mashine za kupasha akwariumu, lakini zinaomba umeme mchana na usiku, na kila mtu anajua namna umeme unakatikakatika hapa kwetu. Afazali kuchagua samaki wenye kupenda baridi.

Wa kwanza ni ule samaki mwekundu tunaita poisson rouge, asili yake ni China. Digri 18 mpaka 22 zinamfaa kabisa. Lakini jina hilo moja linaficha samaki wa namna mbili. Kuko wenye mwili mrefu na mkia mmoja: wanaogelea mbio, wanaweza kupita sentimita 20, na mahali pao pa kweli ni bwawa la inje. Kuko wengine wenye tumbo la mviringo na mkia wa mara mbili: hao wanaenda polepole, na wenye macho ya kutokea inje hawaoni muzuri. Ukiwachanganya, wa mbio wanamaliza chakula kabla wa pole hawajafika. Hakuna vita, hakuna damu. Wa pole wanakonda tu, siku kwa siku, na mwenye nyumba anazani ni ugonjwa.

Mwenye nafasi kidogo anaweza kuchagua wadogo: Tanichthys wa China, mwenye sentimita 4 tu, ao danio wa mistari kutoka Asia ya kusini. Hao wawili wanapatana, lakini wanataka kundi, sita ao zaidi wa kila aina. Usiwaweke na poisson rouge aliyekomaa: chenye kuingia mdomoni mwake, kwake ni chakula.

Kosa lenye kurudi mara mingi ni kufikiri kwamba samaki wa karibu ndio rahisi. Samaki wazuri wa Ziwa Tanganyika, kule Uvira, wamezoea digri 24 mpaka 27. Katika baridi ya Bukavu wanaacha kula, kisha wanagonjwa. Haplochromis wa Ziwa Kivu lenyewe wanatoka kwenye maji yenye chumvichumvi nyingi na joto la kupita la saloni, tena dume analinda mahali pake kwa meno. Kama unamtaka, umupe akwariumu yake peke yake.

Juu ya kipimo: poisson rouge wawili wa mviringo wanaomba litiri 100 hivi. Ule mtungi mdogo wa kioo juu ya meza ni gereza. Maji ya REGIDESO iko na klori. Iache siku moja katika ndoo wazi mbele ya kuitia. Bakteria zenye kusafisha maji zinajenga makao katika chujio kwa wiki nne mpaka sita, kwa hiyo ingiza samaki kidogo kidogo. Umeme ukikatika, chujio inasimama: usiwape chakula, na mara kwa mara chota maji kwa kikombe uimwage kutoka juu, hewa iingie.

Na wakikua kupita akwariumu? Kwa sababu Muhumba iko kando ya ziwa, wengine wanaenda kuwaachilia pale. Hapo ni hatari. Sambaza wetu waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Wanalisha watu wengi, ni kweli, lakini kidudu kimoja cha maji, Daphnia curvirostris, kilipotea katika Kivu kisha wao kufika. Poisson rouge anachimba matope na kula mayai ya wengine, na maji ya Kivu inashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika. Mwenye samaki waliozidi awape mtu mwenye bwawa la kufungwa, mbali na mito, ao awaulize majirani wenye akwariumu kubwa.