Ua la Jangwani Linalochanua Jioni

Tumezoea kuona maua yakichanua kunapopambazuka. Lakini katika majangwa ya Mojave na Sonora, yaliyoko Marekani na Mexico, liko ua lenye desturi nyingine. Jua likizama, hufungua petali zake nne nyeupe na kutoa harufu nzuri. Kesho yake hunyauka na kugeuka rangi ya waridi. Wataalamu huliita Oenothera deltoides.

Kwa nini lichanue gizani? Nondo wakubwa wanaobeba chavua yake huruka usiku, na weupe na harufu ya ua huwaonyesha njia.

Mvua za huko ni chache. Mbegu hungoja mchangani, hata kwa miaka. Zikipata unyevu wa kutosha huota, na mmea huchanua na kuzaa upesi kabla ardhi haijakauka. Ukifa, matawi yake hujikunja kuelekea juu, ukabaki na umbo la tundu la ndege.

Je, mmea uliozoea ukame namna hii unaweza kuangamizwa na nini? Sisi wauguzi hutafuta chanzo cha ugonjwa kabla ya kutoa dawa, na hapa chanzo kinajulikana. Mbali na jangwa, kando ya mto San Joaquin huko Antioch, California, kuna aina ya ua hilohilo inayoota kwenye vilima vya mchanga. Watu waliuchimba mchanga huo ili kutengeneza matofali, hasa baada ya tetemeko la ardhi lililobomoa San Francisco mwaka 1906. Vilima vikatoweka, na magugu yakafunika mchanga uliobaki.

Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa aina hiyo imo hatarini kutoweka, na mwaka 1980 mahali hapo pakafanywa hifadhi. Baadaye mchanga uliozolewa mtoni ulimwagwa humo, ili mbegu zipate tena pa kuota.

Akina mama wenzetu, sote twahitaji mchanga wa kujengea. Lakini kwa ua hili mchanga ndio ghala la mbegu. Ukame huweza kulichelewesha tu. Ghala likibebwa, hata mvua ikinyesha haina cha kuotesha. Tunapowafundisha watoto wetu kutunza miti na maua, tuwafundishe pia kutunza udongo unaoyabeba.