Mahindi: siku chache zinazoamua mavuno

Katika mtaa wa Batha mjini Riyadh, na katika masoko ya Balad mjini Jeddah, Waafrika Mashariki wanaofanya kazi huko huzijua simu za nyumbani za msimu ulioharibika. Mahindi yalistawi, yakarefuka, lakini magunzi hayana punje.

Anayetakiwa kutuma fedha za unga hujiuliza iwapo shamba lilitunzwa, maana aliambiwa kwamba mvua ilinyesha.

Huenda mvua ilinyesha kweli. Kwa mahindi, hata hivyo, wakati wa mvua una uzito sawa na wingi wake.

Dume na jike

Mmea wa mahindi una maua ya aina mbili, kila moja mahali pake. Mbelewele iliyo kileleni ni ua dume, nayo hutoa chavua. Ua jike ni hindi changa lililo ubavuni mwa bua, na ndevu zake ndizo zinazoipokea chavua hiyo.

Kila udevu umeungana na punje moja. Udevu usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi.

Katika hali ya kawaida, ndevu huchomoza siku chache tu baada ya mbelewele kuanza kumwaga chavua. Kazi hiyo ya kumwaga huchukua takriban wiki moja kwa kila mmea, na chavua ikishapeperuka huishi kwa saa chache. Joto kali huufupisha zaidi uhai wake.

Ukame huvuruga mpango huo. Mbelewele hutoka karibu na wakati wake, lakini ndevu, ambazo hurefuka kwa nguvu ya maji, huchelewa. Zikichelewa wiki moja au zaidi, hukuta chavua imekwisha.

Njaa ndani ya mmea

Hata punje zilizokwisha kutungwa hazijaokoka. Mmea wenye kiu hukunja majani na kufunga vitundu vyake vya kupumulia ili kuhifadhi maji. Sukari inayotengenezwa hupungua, na punje changa, hasa za kwenye ncha ya hindi, hufa.

Ukame unaokuja mmea ungali mdogo huweza kufidiwa mvua ikirudi. Ukame wa mwisho wa msimu huzifanya punje kuwa nyepesi. Lakini ule wa wakati wa maua hupunguza idadi yenyewe ya punje, na mvua ya baadaye haiwezi kuirudisha.

Maji na mapato

Mahindi huhitaji takriban milimita 500 hadi 800 za maji kwa msimu. Riyadh hupata milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka mzima, na Jeddah hupata chini ya hapo.

Kwa sababu ya kupungua kwa maji ya ardhini, mwaka 2008 Saudi Arabia iliamua kupunguza hatua kwa hatua kilimo chake cha ngano. Mahindi ya kulishia kuku na mifugo huyaagiza kwa wingi kutoka nje.

Nchi yenye mapato ya mafuta huweza kununua nafaka. Mkulima wa Kitui au Dodoma asiye na kisima hutazamia mawingu, na yakimkosa, hutazamia jamaa yake aliye ng'ambo.

Mbegu na wakati

Tangu miaka ya 1970, watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, nchini Mexico, wamekuwa wakichagua mimea ambayo ndevu zake hazichelewi wakati wa ukame. Huko Kiboko, Makueni, nchini Kenya, mahindi hujaribiwa kwa kunyimwa maji kwa makusudi yanapokaribia kutoa maua.

Mbegu ya Katumani, iliyotolewa Kenya katika miaka ya 1960, hufuata njia nyingine: hukomaa mapema kabla mvua haijakatika.

Hakuna mbegu inayoota bila maji. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia. Mbegu hizi hupunguza hasara, haziiondoi.

Kwa aliye Riyadh au Jeddah, somo ni la kalenda. Fedha zinazofika kabla ya mvua hununua mbegu ifaayo na kulipia matuta ya kukinga maji. Zinazofika baada ya mavuno kukosekana hununua unga tu. Na mwenye maji machache ya kumwagilia ayawekee akiba siku ambazo mbelewele inachomoza.