Tairi Lenye Moto Usilipunguze Upepo

Saa saba mchana, stendi ya Msamvu, Morogoro. Dereva wa gari dogo aliyetoka Dar es Salaam anachomeka geji kwenye valvu ya tairi. Inasoma PSI 38. Alfajiri, tairi likiwa baridi, alijaza 32. "Joto limezidisha," anasema, na anabonyeza valvu mpaka mshale urudi 32. Anashika njia ya Dodoma akiamini ameepusha tairi kupasuka.

Imani hiyo imeenea sana, na ina hatari. Inalichukulia tairi kama puto. Lakini ndani ya mpira wa tairi mna nyuzi na mikanda ya waya wa chuma, na waliolitengeneza walijua kwamba safarini litapata joto na upepo utaongezeka. Tairi zima, lililojazwa sawasawa likiwa baridi, huvumilia ongezeko hilo. Kinacholiua ni kujikunja kupita kiasi.

Uzito wa gari hubebwa hasa na upepo. Ubavu wa tairi hubonyea unapofika chini, kisha hunyooka. Mzunguko wa tairi la gari dogo ni kama mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila sehemu ya ubavu hujikunja na kunyooka karibu mara 14 kwa sekunde moja. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka haraka, kisha gusa pale kwenye mkunjo: pana moto. Upepo ukipungua, mkunjo huwa mkubwa na joto huzidi. Mwendo ukipanda mno, ubavu haupati nafasi ya kunyooka kabla ya kurudi chini tena. Mpira hupiga mawimbi, joto hupanda kwa kasi, na kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, huanza kuachana na mikanda ya chuma.

Sasa tumrudie dereva wetu. Ile 32 aliyoiacha mchana, tairi likiwa na moto wa nyuzi 60 hivi, kesho alfajiri kwenye nyuzi 25 itasoma kama 27. Akiongeza abiria na mizigo, akakanyaga mafuta, tairi litajikunja kuliko jana.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa msiba. Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilirudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Kashata zilikuwa zinabanduka kwenye barabara kuu, hasa katika majimbo ya joto, na vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matairi hayo. Wachunguzi wa serikali walikuta kasoro katika tairi lenyewe. Lakini mabishano makali yalizuka pia kuhusu upepo: Ford ilikuwa imependekeza PSI 26, Firestone ikataka 30. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyoleta taa ya kuonya upepo unapopungua kwenye magari mapya.

Taa hiyo ni msaada, ila inachelewa. Kiwango cha Marekani kinaitaka iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25. Gari la 32 litafika 24 ndipo ionye. Tairi la 27 litakwenda Dodoma na kurudi, taa ikiwa kimya. Kwa hiyo geji haina mbadala.

Pima alfajiri, kabla gari halijatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi yaliyotoka Japani huandika kPa. 220 ni sawa na PSI 32. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, usijaze kwa kuifuata. Kuzidisha nako kuna madhara: tairi hukanyaga lami kwa sehemu ndogo, na breki hushika vibaya.

Na ukifika Msamvu ukakuta 38 kwenye matairi yote, yaache hivyo. Ukikuta moja liko chini kuliko wenzake, hilo ndilo la kutilia shaka: huenda lilianza safari na upepo mdogo. Lisubiri lipoe, kisha ulipime upya kabla ya kuendelea.